Mtihani wa Majina Niliokataa Kuufanya

Kwanza mjue nimekataa kufanya ule mtihani. Nilikataa mwaka jana, nimekataa mwaka huu, na mkija kesho na biskuti nitakula biskuti halafu nitakataa. Nimefuma sweta miaka hamsini na kitu. Nimevalisha watoto ambao sasa wana watoto wenye watoto. Leo nipewe karatasi yenye maswali ishirini, niandike jina la kila mshono, ndipo niruhusiwe kuweka sweta yangu kwenye meza ya maonyesho? Siandiki. Na msidhani siyajui hayo majina. Nayajua yote. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa: nayajua, na siku moja kuyajua kwangu kulimfukuza mtu kwenye kazi aliyoipenda.

Mmeniomba kurasa chache za kijitabu cha kikundi, nyinyi vijana mnaokuja pale ukumbini Embu kila Jumamosi na sindano zenu za rangi rangi. Mlisema niandike historia. Mimi shule niliacha darasa la tatu, huko kwa historia sikufika. Nitaandika kama ninavyoongea. Nikipotea njia mnisubiri hapo hapo, nitarudi.

Nilizaliwa Muthara. Miaka ile, uhuru ukiwa bado mpya, kijana wa Muthara alikuwa na kazi moja mbele ya macho, nayo ni miraa. Unapanda mti, unachuma, unafunga kwa majani ya mgomba, unakimbia nayo barabarani kabla haijanyauka. Mimi niliogopa miti. Kwa nini niwadanganye na umri huu? Nilianguka nikiwa mdogo nikavunjika mkono huu wa kushoto, na tangu siku hiyo sikupanda tena. Nilibaki chini na wazee, nikifunga tu. Mama yangu alipochoka kuulizwa kama ana mvulana au msichana, akanipeleka Kianjai kwa mwanamke aliyefuma sweta karibu na soko, Mama Nkirote.

Akamwambia, "Huyu ni hodari sana akiwa chini. Mtafutie kazi ya chini."

Mama Nkirote alikuwa na mashine moja iliyotumika, na sindano mbili za mkono alizojitengenezea kwa spoki za baiskeli. Alikuwa amezinoa kwenye jiwe mpaka ncha zikateleza. Alinikalisha kwenye debe lililopinduliwa. Hakuniambia hii inaitwa hivi na ile inaitwa vile. Aliniuliza swali moja tu, na hilo swali nimelibeba mpaka leo.

"Mkono wako unajua nini?"

"Haujui kitu, mama."

"Mkono usiojua kitu ni wa maiti. Unajua nini?"

"Kufunga miraa."

"Nionyeshe."

Akaokota vijiti vya kuni, akanipa ukambaa wa mgomba. Nikafunga kifungu kimoja, haraka, jinsi tulivyozoea. Yeye hakuangalia kifungu. Aliangalia kidole changu kilivyoshikilia ukambaa usilegee mkono mwingine ukizungusha. Akasema, "Hicho kidole kimeshamaliza nusu ya masomo. Kitashika uzi vile vile. Nusu iliyobaki nitakuonyesha kabla chai haijachemka." Na kweli, chai ilipochemka nilikuwa na kitu kirefu kama ulimi wa ng'ombe, kimejaa matundu, lakini nimekifuma mimi.

Wanaume wa pale sokoni walinisumbua sana. Mmoja alikuwa akipita na gunia lake kila asubuhi anapaza sauti: "Wenzako wanabeba miraa, wewe unabeba uzi! Utatuzalia lini?" Mimi nilikuwa nainama. Siku moja Mama Nkirote akamjibu bila kuacha kufuma: "Akizaa, mtoto atakuwa na sweta. Wako akizaliwa utamfunga kwa majani ya mgomba?" Soko zima lilicheka. Yule bwana alibadilisha njia.

Sasa, makosa. Mtu asiyewaambia makosa yake msinunue kitu kwake. Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa shingo. Tulipata kazi ya sweta za shule, nami nikapewa nipime watoto na kufuma shingo zote. Nikapima shingo. Nani asiyejua kwamba ukosi unakaa shingoni? Siku ya kupeleka, watoto wamepangwa mstari, sweta zikagawanywa, na zote zikakwama kwenye masikio. Kiwanja kizima watoto wasio na vichwa wanagongana. Mwalimu mkuu alikuwa amemshika mmoja, anavuta sweta juu, mwalimu mwingine anavuta mtoto chini, kama watu wanaozalisha ng'ombe. Mimi nilijificha nyuma ya choo.

Mama Nkirote hakunigombeza. Njiani tukirudi na mzigo wetu wote, alisema tu: "Shingo haiingii kwenye sweta. Kinachoingia ni kichwa. Pima kinachopita, usipime kinachokaa." Nikafumua shingo zote. Sijasahau tena, na hata nyinyi hamtasahau, kwa sababu mmeona wale watoto. Sasa jiulizeni: angeniambia hesabu na majina ya sehemu za ukosi, ningekumbuka? Ningekumbuka mpaka getini.

Baadaye nilikuja hapa Embu. Nilifanya kazi katika duka moja la sweta lenye mashine nyingi, na mwenye duka alikuwa amesomea ufumaji. Pale kila kitu kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na jina lake jingine refu. Geji. Tenshoni. Kamu. Mshono wa hivi, mshono wa vile. Niliyashika kama mtu anayejiandaa kwa kipaimara. Usiku nilijirudia. Nitawaambia kwa nini: yalinifanya nisiwe tena yule mvulana wa kwenye debe. Mtu aliyeacha shule darasa la tatu akipata neno ambalo mwenye digrii halijui, jamani, ni kama amepewa koti. Analivaa hata jua likiwaka.

Basi nikarudi Kianjai Krismasi moja, nimevaa sweta ya ukosi wa kukunja, mdomo umejaa. Mama Nkirote alikuwa mgonjwa wa kifua wiki hiyo. Kulikuwa na kijana mmoja, Mutwiri, mtoto wa jirani yake, aliyemsumbua miezi akitaka kufundishwa mashine. Si kwa kuajiriwa. Alipenda tu. Alikuwa anakuja kusimama mlangoni kusikiliza mashine inavyolia, anatingisha kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya. Mama Nkirote akaniambia, "Mfundishe huyu. Wewe sasa ni mtu wa Embu."

Mashine ile, kwa wale ambao hawajaiona, ina ndoano nyembamba nyingi zimepangwa kama meno ya kitana, na juu yake kuna chuma cha kusukuma kushoto na kulia. Chuma kikikataa kusonga, unasimama. Unatazama ni ndoano gani imekwama, unairudisha kwa kidole, unaendelea. Hayo ndiyo yote aliyohitaji siku ya kwanza. Mtoto wa miaka saba ataelewa.

Mimi sikumwambia hayo. Nilimwambia geji. Nilimwambia tenshoni na kamu, na tofauti ya hii na ile. Nilitembea nyuma yake mikono mgongoni nikimwaga maneno. Kila nikisimama namuuliza, "Umeelewa?" Naye, "Ndiyo, fundi." "Umeelewa?" "Ndiyo, fundi."

Vijana, hilo swali lifuteni vinywani mwenu. "Umeelewa" halina jibu isipokuwa ndiyo. Mtu mwenye adabu zake, mbele ya mtu anayemheshimu, atasema hapana vipi? Mwambie "nionyeshe." Mikono haijui kudanganya.

Nilimwachia mashine nikaenda kunywa chai. Nilisikia mlio nikiwa na kikombe mdomoni. Chuma kilikuwa kimekataa kusonga, na Mutwiri akadhani hiyo ndiyo tenshoni, ule mkazo wa uzi niliomwambia. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Ndoano zilipinda kuanzia katikati mpaka mwisho, nyingine zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Mama Nkirote alitoka kitandani amejifunga blanketi. Akatazama mashine. Akamtazama Mutwiri, aliyekuwa analia bila sauti. Halafu akanigeukia mimi.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimfundisha yote, mama. Nilimwambia kuhusu geji, nikamweleza tenshoni ikizidi..."

"Niambie na mimi."

Nikamwambia. Nilirudia somo lote mwanzo mpaka mwisho, na lilikuwa limekaa sawasawa, hata yule mwenye duka angenipigia makofi.

Akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha kufuma, na sijashika hata neno moja. Sasa tuambie hapa, aliyekosa ni nani?"

Nilinyoosha ndoano kwa koleo, moja moja, siku tatu za Krismasi, watu wakila nyama. Zilizokatika tuliagiza nyingine. Mashine ilipona. Mutwiri hakurudi. Mama yake alikuja kuomba msamaha na kuku mkononi, tukakataa kuku, tukamwambia arudi tu, kosa si lake. Hakurudi. Alikuwa amejiambia kwamba kichwa chake si cha mambo hayo. Mpaka leo nikienda nyumbani tunakutana barabarani, ananisalimia vizuri kabisa, ananiulizia watoto. Hiyo ndiyo inaniuma. Angenitukana ningelala.

Kwa hiyo mnaponiambia mimi babu yenu, "Guka, majina ni kitu kidogo, kwa nini unayapigania hivyo?" mimi namwona Mutwiri ananisalimia vizuri.

Nimerudi njiani. Tuje Embu.

Mitumba iliua biashara yetu, hilo hata nyinyi mnalijua, nami nikastaafu bila sherehe, nikabaki na shamba dogo na sindano zangu. Wakati huo ndipo Mwalimu Mukami alipoanzisha kikundi. Nitamsema hapa, na nimemwambia mwenyewe kwamba nitamsema, akaniambia, "Andika tu, Guka, nitakusahihisha." Ni mwalimu aliyestaafu, mwanamke mwenye moyo mkubwa. Chai ya Jumamosi analeta yeye. Ukumbi aliuomba yeye. Kufuma alijifunza kwenye vitabu na kwenye simu, na ninakiri mkono wake ni safi. Kosa lake ni lile langu. Alipenda koti.

Karatasi zake za kufumia mmeziona. Herufi na namba zimeshikana kama namba ya gari. Wanaokuja wapya walikuwa wanapewa karatasi, wanaambiwa, "Anza na sampuli ya geji." Wanakunywa chai, wanashukuru, wanarudi nyumbani, hatuwaoni tena. Mwalimu alikuwa anasema vijana wa siku hizi hawana subira. Na wale wazee waliokimbia nao je? Hata kwenye lile grupu la simu ni vile vile. Mtu anauliza uzi wake unakatika kwa nini, anajibiwa na watu sita, kila mmoja na neno refu kuliko la mwenzake, mwisho wanabishana wao kwa wao, na aliyeuliza ameshatoka.

Jumamosi moja akaja Rwamba. Alitoka huko chini, upande wa Mbeere, kwenye jua na mbuzi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, amebeba uzi wa rangi ya asali kwenye mfuko wa sukari. Mwalimu akamuuliza anataka kufuma nini.

"Sweta ya mtoto. Mke wa kijana wangu ana mimba. Ni ya kwanza."

"Hongera! Msichana au mvulana?"

"Akiwa msichana ni mimi," Rwamba akasema. Sisi wote tukaelewa, maana mtoto wa kwanza wa kike wa kijana wake atachukua jina la bibi yake, na mtu akichukua jina lako ni wewe umekuja tena. "Na sitaki nije duniani mara ya pili nikiwa nimevaa mitumba."

Tulicheka mpaka Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Na akiwa mvulana?" nikamuuliza.

"Ni mzee wangu Ireri. Yeye pia anasikia baridi." Hapo hakucheka. Mzee Ireri alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi: sweta moja, ya mtoto mmoja, imalizike kabla hajatokea. Mtoto hangojei kikundi.

Mwalimu akampa karatasi. "Anza na sampuli ya geji, inchi nne kwa nne." Rwamba akasema ndiyo, mwalimu. Wiki tatu akafuma kile kipande. Alikuwa anafuma akichunga mbuzi, akifumua akirudia, mpaka kikawa cha mraba kweli, kimekaa vizuri, pembe nne. Akakileta Jumamosi ya nne amekifunga kwa kitambaa. Mwalimu akakipima kwa rula, akahesabu vitanzi vya kila inchi, akaandika namba.

"Vizuri sana. Sasa fumua, tuanze sweta."

Rwamba akabaki na kile kipande mkononi. "Hii si sweta?"

"Hapana, mama. Hii ni sampuli ya geji tu. Haina maana yenyewe."

"Wiki tatu," Rwamba akasema.

"Ndiyo utaratibu. Kila mtu anafumua."

Rwamba akakunja kile kipande taratibu, akakirudisha kwenye kitambaa. "Nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa haifumuliwi, mwalimu. Mama yangu alituambia ni kama kumwambia asije. Mngeniambia ni ya kupima tu, ningefumia kamba." Akachukua mfuko wake wa sukari, akatoka.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na sindano zangu. Nilimwona Mutwiri anatoka mlangoni mara ya pili. Miguu yangu si mizuri, lakini siku hiyo ilinitii. Nilimkuta verandani anafunga kiatu, na uso ameuelekeza ukutani.

"Mama Rwamba, usifumue."

"Sifumui. Naenda nyumbani."

"Kaa kwanza. Mkono wako unajua nini?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka na maswali ya watu wa mjini. "Mbuzi."

"Basi tutafuma kwa mbuzi."

Nikavuta benchi. Nikamwambia: hii sindano ya kushoto ni ua wa zizi, na hivi vitanzi vyote ni mbuzi wamejipanga, kila mmoja anataka kuhamia zizi la pili. Uzi ni kamba yako. Ingiza mkono kwenye pengo, zungusha kamba, vuta mmoja apite, umwache atue ng'ambo. Usivute wawili. Ukivuta wawili kuna mmoja umempoteza, na jioni utahesabu zizi lisitimie. Akanitazama, akaanza. Mikono ilikuwa imeshajua, ila haikuwa imeambiwa kwamba inajua.

"Kamba hii niikaze kiasi gani?"

"Mbuzi wako unamkaza kiasi gani?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ukikaza sana anakabwa. Ukilegeza anakula mahindi ya jirani."

"Umemaliza tenshoni," nikamwambia. "Wengine wanaisomea mwaka."

"Na hiki kipande changu?"

Nikakikunjua gotini. Kilikuwa kizuri. Kwa nini ilikuwa lazima kife? "Hiki ni mfuko," nikasema. "Sweta tutaifuma, na hiki tutakishona kifuani. Hakuna kitu cha mtoto kitakachofumuliwa hapa."

Tangu siku hiyo alikaa verandani na mimi. Na wengine wapya wakaanza kuja huko. Kijana wa bodaboda nilimfundisha kwa mnyororo wa pikipiki yake. Mama mchuma chai nilimwambia vidole vyake vinavyochagua jani changa ndivyo vitakavyochagua kitanzi. Kila mmoja ana mlango wake. Kazi yako ni kuutafuta ulipo, si kumvuta mtu aruke dirishani kwako.

Mwalimu akatoka Jumamosi moja na kikombe, akasimama.

"Guka, unawafundisha mbuzi."

"Njoo uone wanavyofuma."

"Na siku wakikutana na karatasi ya mtu mwingine? Siku wakitaka kutafuta kwenye simu? Watatafuta mbuzi?"

Hapo alikuwa na haki, na mimi si mtu wa kuficha haki ya mtu. Majina yana kazi yake. Lakini nikamwambia, "Mwalimu, wewe ukileta mgeni nyumbani, unamsomea majina ya ukoo mzima akiwa amesimama mvuani? Si unamwingiza kwanza? Akishakula, atauliza mwenyewe yule aliye pale anaitwa nani."

Akarudi ndani na kikombe chake. Lakini wiki iliyofuata ndipo huo mtihani ukazaliwa. Kulinda kiwango, kamati ilisema. Asiyepata majina haweki kazi mezani siku ya maonyesho. Rwamba akaniambia, "Mimi sitaweza." Nikamwambia, "Na mimi sitafanya. Tutakuwa wawili, si haba."

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua. Mvulana. Rwamba alinipigia simu. "Ni Ireri."

"Sweta imefika wapi?"

"Imebaki shingo."

"Usipime shingo."

"Najua, najua. Nipime kinachopita. Ulishatusimulia wale watoto mara kumi." Akaacha bega moja wazi, akaweka vifungo viwili, kichwa kipite bila vita.

Siku ya maonyesho, meza ya Mwalimu ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kitambaa cheupe, kazi zimepangwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mshono wake. Sisi wa verandani tulikaa verandani. Kisha Rwamba akaingia getini amebeba mtoto. Mtoto amevaa sweta ya rangi ya asali, na kifuani mfuko ule wa inchi nne kwa nne, ambao juu ya mtoto wa umri ule ulikuwa umefunika tumbo lote.

Msichana mmoja wa kamati akakimbia. "Mama, samahani, wasiofanya mtihani hawaweki kazi mezani."

"Kwani nimemweka mezani?" Rwamba akauliza. "Huyu nimembeba."

Watu wakaanza kutoka ukumbini mmoja mmoja. Mtoto alipita mikononi mwa watu kama sinia la sadaka. Kila mtu anaingiza kidole kwenye ule mfuko. "Mfuko mkubwa hivi wa nini?" mmoja akauliza. Rwamba akasema, "Mzee wangu alikuwa analalamika maisha yake yote kwamba nguo zake hazina mfuko wa kutosha tumbaku. Sasa asinisumbue tena."

Mwisho akatoka Mwalimu Mukami. Akavaa miwani. Akainamia kile kifua kidogo, akapitisha kidole kwenye pembe nne za kile kipande alichokipima mwenyewe kwa rula. Alikitambua. Nilimwona akikitambua. Kisha akahamia begani, mahali kile kitanzi cha kifungo kilipozunguka, kazi ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Rwamba," akasema polepole. "Huu mshono wa hapa begani unaitwaje?"

Watu wakasogea karibu. Nami nikainuka kitini na sindano zangu mkononi, tayari kwa ugomvi.

"Sijui jina lake, mwalimu," Rwamba akasema. "Lakini kaa hapa nikuonyeshe."

Mwalimu akatazama huku na huku, akaona kiti changu, akakikalia. Nilisimama mpaka jioni, miguu ikiuma, na sikumwomba mtu anipishe.

Mtihani wa mwaka huu mmenitumia tena. Nimeupokea. Karatasi yake ni ngumu, inafaa kuzungushia uzi.